Kuelea Kifudifudi

Kitambaa cha kwanza kilikuwa na wekundu mno. Cha pili kilikuwa cha manjano, kama mtu mwenye ugonjwa wa ini. Bibi wa mavazi alivilaza vyote juu ya mkono wake mwenyewe, mkono wa kizungu wenye madoa ya jua, akavikagua chini ya taa, kisha akachagua cha tatu.

"Hiki," alisema. "Hii ndiyo rangi ya mzungu aliyekufa majini."

Nikachukua mkasi nikakata. Nilikata glovu, nikakata vitambaa vya kufunika shingo na visogo, na juu yake mwenzangu mmoja akagundisha nywele za bandia, nyekundu kwa wengine, za kahawia kwa wengine. Wanaume waliokuja kuvivaa walikuwa wa kwetu: Wakongo, Warundi, Watanzania wawili watatu. Mmoja wao alikuwa mume wangu.

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba cha kazi Malvern, barabara ya Jules, ubavuni mwa duka la matairi, na nyumbani ni Troyeville, ghorofa ya pili, madirisha yanayotazama ukuta wa jirani. Sisi ni Wakongo: tulitoka Uvira, ukingoni mwa ziwa, mimi na mume wangu. Huko alikuwa fundi wa injini bandarini Kalundu. Hakuna boti ya mizigo iliyokuja pale ikikohoa ambayo hakuifungua tumbo. Hapa Johannesburg cheti chake hakikumsaidia kitu, akawa mlinzi wa duka kubwa. Binti yetu alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza.

Kwenye kazi ya ulinzi mume wangu alipata rafiki, mtu wa Rumonge, Burundi. Mtaa mzima ulimwita Mrundi tu, nami nitamwita hivyo hivyo. Wote wawili walikuwa wana wa ziwa moja, na huo ulikuwa undugu wa kutosha. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kwetu kula bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, nilizonunua sokoni Yeoville. Aliniita shemeji. Alikuwa anakula polepole, anasifu, halafu anaosha sahani mwenyewe huku mume wangu akimcheka kwamba Warundi wamelogwa na wake zao. Mke wake alikuwa bado Rumonge. Kila mwaka alisema mwaka huu atamleta.

Kazi ya nyambizi ilitujia kanisani. Kulikuwa na Mkenya mmoja aliyekuwa akisali nasi, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno laini, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatafutia watengeneza picha za sinema watu wa kujaza nafasi: watu wa kupita barabarani, watu wa kukaa hotelini nyuma ya mwigizaji, watu wa kuuawa. Siku hiyo alisimama nje ya mlango baada ya sala.

"Wazee wangu, sikizeni," alisema. "Kuna picha kubwa inatengenezwa Midrand, ya wazungu kutoka ng'ambo. Ni ya vita ile ya kwanza, ya nyambizi ya Wajerumani. Nataka wanaume wanaojua maji. Si kuogelea tu. Kuelea. Kulala juu ya maji, uso chini, bila kutikisika."

"Uso chini tutapumuaje?" mtu akauliza.

"Mnashika pumzi. Mkisikia filimbi, mnainuka."

"Na kwa nini uso chini?" Mrundi akauliza.

Mkenya akatabasamu. "Kwa sababu mtakuwa Waingereza."

Watu walicheka, na mume wangu aliwashinda wote kwa kucheka. Alikuwa amekaa miaka mlangoni mwa duka akikagua mifuko ya watu. Aliposikia neno maji, uso wake uliwaka namna ambayo nilikuwa nimeisahau. Yeye na Mrundi walitoa majina yao, wakaomba likizo kazini. Mkenya aliposikia kuwa mimi ni fundi, akanipeleka na mimi.

Palikuwa ni ghala kubwa la bati, nyuma ya maghala mengine ambamo malori yaliingia na kutoka mchana kutwa. Ndani walikuwa wamejenga vitu viwili. Cha kwanza ni nyambizi yenyewe, imepasuliwa ubavu mmoja ili kamera ione ndani. Cha pili ni bwawa la chuma, refu na jeusi, kina chake kikimpita mtu mrefu. Wazungu wa ng'ambo waliona ni rahisi kutengenezea bahari ya Ulaya mahali ambapo hakuna bahari.

Sisi wa mavazi tulikuwa na kona yetu, na kwa sababu ya pasi ilikuwa kona yenye joto kuliko zote. Ndiyo sababu mzee Mjerumani alipenda kuja kunywa chai hapo. Alikuwa ameletwa kuhakikisha kwamba kila kitu kinafanana na kilivyokuwa: kifungo, bomba, kofia. Hakuwa mtu mbaya. Mume wangu, kila alipopata nafasi, alikuja kumsogelea kwa ajili ya injini, nami nikawa mkalimani, maana Kiingereza chake mume wangu ni cha mlangoni tu: fungua mfuko, asante, endelea.

"Muulize ilikuwa inakunywa nini," aliniambia siku ya kwanza.

"Mafuta ya taa," mzee akajibu.

"Mafuta ya taa! Haya ya jiko?"

"Ndiyo. Ilikuwa nyambizi ya mwanzo mwanzo, kabla hawajazoea dizeli. Ilitoa moshi mweupe mzito ulioonekana kutoka mbali sana, na usiku iliweza kutoa cheche. Hebu fikiria: chombo kilichotengenezwa ili kijifiche, kinabeba moshi wake juu kama jiko la mama ntilie." Hilo la mama ntilie nimeliongeza mimi; yeye alisema mfano mwingine ambao nimeusahau. "Kabla ya kuzama ilibidi walikunje kwanza bomba la moshi. Chini ya maji walitumia betri."

Mume wangu alitikisa kichwa kwa furaha, kama mtu anayesikia habari za shangazi yake mkorofi. Alitaka kujua yote. Watu walilala wapi? Kando ya torpido, yale makombora ya majini, mzee akasema, kwa zamu, kitanda hakipoi. Chuma kilitoa jasho likawadondokea usoni. Hewa ilinuka mafuta, miguu na chakula cha jana.

Ndipo akatusimulia ile asubuhi ambayo picha nzima ilitengenezwa kwa ajili yake. Nilisikiliza huku napiga pasi kola.

Nyambizi ile ilikuwa imepigwa na dhoruba siku kadhaa. Asubuhi bahari ilipotulia, nahodha akatazama kwa darubini yake akaona meli tatu za kivita za Waingereza zinakuja polepole, zimepangana. Zilikuwa meli zilizochakaa. Mabaharia wake wengi walikuwa watu wazima waliorudishwa jeshini kutoka kwenye kazi zao, watu wenye matumbo na watoto, pamoja na wavulana wa shule ya jeshi la majini. Nahodha akapiga ya kwanza. Ikaanza kulala ubavu. Zile mbili hazikujua kama ni nyambizi. Zilidhani ni bomu lililotegwa majini. Zikaja. Zikasimama kabisa, zikateremsha mashua, zikawatupia waliokuwa majini mbao na meza na chochote kinachoelea. Nyambizi ikajaza torpido upya, ikapiga ya pili. Ya tatu nayo ilikuwa bado inaokota watu. Ikapigwa.

"Watu wengine," mzee alisema, "waliokolewa na meli ya kwanza iliyozama wakapandishwa ya pili, wakazama nayo, wakaogelea hadi ya tatu, wakazama nayo tena."

Mume wangu akanigeukia. "Muulize, basi hakuna aliyewaokoa?"

"Walikuja Waholanzi, meli za kiraia. Manahodha wao walijua hatari, wakaja hivyo hivyo."

"Na wakubwa wa Waingereza walisema nini?"

"Walitoa amri," mzee akasema. "Kuanzia siku ile, meli kubwa ya kivita isisimame tena kuokoa watu, ikiwa nyingine imepigwa. Ipite."

Nilipomtafsiria, mume wangu aliguna. "Amri ya shetani," alisema. Nayakumbuka maneno yake vizuri, na ningependa nisiyakumbuke.

Ya nyambizi yenyewe mzee alituambia kwa kifupi: ilizamisha meli nyingine kubwa wiki chache baadaye, ikapewa sifa na nishani, nahodha akawa shujaa wa nchi nzima. Kisha nahodha akahamia nyambizi mpya, akagongwa na meli kubwa ya vita, akazama na watu wake wote, hakutoka hata mmoja. Ile ya mafuta ya taa ikapelekwa bahari nyingine, ikazeeka haraka, ikawa ya kufundishia wanafunzi. Vita vilipokwisha wakaikabidhi kwa Waingereza, wakaikatakata wakauza chuma.

"Pole yake," mume wangu akasema. Alikuwa mtu wa kuzihurumia mashine.

Kazi ya bwawani ilianza mwezi wa saba. Asiyeijua Johannesburg hudhani Afrika yote ina joto. Mwezi wa saba hapa asubuhi majani yana barafu. Waliweka mashine ya kupasha maji, ikafanya kazi vizuri siku mbili tatu, kisha ikawa inafanya kazi ikipenda. Waigizaji wazungu, wale ambao nyuso zao zilionekana, walivaa nguo za mpira chini ya sare zao. Watu wa migongo, wale wa kwetu, walivaa sare tu. Nilipouliza, niliambiwa nguo za mpira zitawafanya waelee juu mno, na maiti haelei hivyo.

Makoti yalikuwa ya sufu nzito. Jioni, kulikamua moja tulihitaji kuwa wawili, mmoja kila upande, kama wanaosokota kamba ya mbuzi.

Walifundishwa namna ya kufanya. Filimbi ya kwanza, lala. Mashine ya upepo inapiga mawimbi, kamera inapita juu yako. Ikishapita, geuza mdomo pembeni kidogo, vuta hewa, rudi. Filimbi ya pili, inuka. Mume wangu na Mrundi walilala karibu karibu. Walikuwa wamejiwekea dawa yao: mikono yao ilikuwa inagusana chini ya maji, na kila mmoja alimgonga mwenzake kwa vidole, kumwambia nipo. Hilo Mrundi mwenyewe ndiye aliyenieleza baadaye.

Siku yenyewe mashine ya joto haikuwaka kabisa. Walikwisha kulala na kuinuka mara nyingi tangu asubuhi. Nilikuwa nimesimama kando ya bwawa na mablanketi mkononi. Filimbi ya kwanza ikalia. Nikaiona migongo ikitawanyika, nywele nyekundu na za kahawia zikielea, glovu nilizozishona zikiwa zimefunguka kama majani. Ilikuwa picha ya kutisha na, Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri. Mwongozaji wa picha naye aliiona nzuri. Niliona amemshika bega mtu wa filimbi: ngoja. Ngoja kidogo. Kamera ikapita, ikarudi tena.

Mume wangu alikuwa anakufa mbele yangu nami sikujua. Ningejuaje? Wote walikuwa wamelala kifudifudi, wote hawatikisiki. Hiyo ndiyo kazi waliyopewa. Mgongo wake ulikuwa mgongo mzuri kuliko yote, umetulia, unapanda na kushuka na wimbi.

Mrundi akainuka. Filimbi ilikuwa haijalia. Alisimama wima majini akipiga miguu, akamshika mume wangu kola, akamgeuza, akamtia mkono chini ya kidevu kama watu wa ziwa wanavyofanya, akaanza kumvuta kuelekea ukingoni huku akipiga kelele kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili: "Amekufa! Mtu amekufa huku!" Hakuna aliyesema simama. Kamera zilikuwa bado zinafanya kazi. Nilikuwa naona taa zake nyekundu. Maiti wengine waliinua vichwa mmoja mmoja, wakashangaa.

Nilitupa mablanketi nikakimbia. Mrundi alikwisha kumpandisha kwenye ubao, anamkandamiza kifua, anampulizia mdomoni. Mume wangu alikuwa na rangi ya majivu kati ya nywele nyekundu za bandia na koti la Kiingereza. Kisha maji yakatoka, na uji wa asubuhi, na sauti moja mbaya ya kuvuta pumzi.

Mwongozaji alikuja akishuka ngazi kwa haraka. Neno lake la kwanza nililisikia, nami nakifahamu Kiingereza.

"Nani alimruhusu huyu atoke kwenye nafasi yake?"

Labda hakuwa ameona kilichotokea. Labda aliona. Gari la wagonjwa lilipofika nikaingia na mume wangu, na wakati mlango unafungwa nilimwona Mkenya amesimama mbele ya Mrundi, amenyoosha mkono. Alikuwa anataka koti. Koti ni mali ya picha. Mrundi alilivua palepale, akavua suruali, akavua glovu na kile kisogo cha kizungu, akabaki na chupi mbele ya watu wote katika baridi ile, anatetemeka. Hakuna aliyempa blanketi. Yangu yote yalikuwa yamelala chini yamelowa.

Mume wangu alilazwa wiki nyingi. Maji yalikuwa yameingia mapafuni, na nyuma ya maji ukaja ugonjwa wa mapafu wenyewe. Mrundi alikuja siku ya pili ya ruhusa ya kutembelea wagonjwa, na chupa ya uji wa mtama. Alikuwa ameshaambiwa asirudi tena bwawani. Alikuwa ameharibu picha, walisema. Aliniambia hilo kama jambo dogo, akinyanyua mabega. "Mtu ni mzima, shemeji. Picha si kitu."

Mkenya alikuja baada yake, na machungwa. Alikaa pembeni mwa kitanda, akamshika mume wangu mkono, akaomba sala fupi. Kisha akasema kilichomleta.

"Mzee wangu, wale wakaguzi wa usalama kazini wanauliza nini kilitokea. Wakiambiwa ni maji, watafunga bwawa, na vijana wetu wote watakosa kazi. Wakiambiwa ni mtu tu aliyeingiwa na hofu, kazi itaendelea. Na kuna picha nyingine inakuja, kubwa kuliko hii. Jina lako litakuwa la kwanza. Wewe mwenyewe unakumbuka nini?"

Mume wangu alikuwa na mpira wa hewa puani.

"Nilikuwa naamka mwenyewe," alisema. "Yule alinikaba shingo. Ndipo nikameza maji."

"Baba, unasema nini?" nikamwambia.

"Nyamaza, Mama."

Mkenya alinitazama, akatazama machungwa yake, akaondoka.

"Umemuuza," nilimwambia tulipobaki wawili. "Mtu amekutoa mautini, nawe umemuuza."

"Sijamuuza mtu. Nataka kazi." Alikohoa hadi machozi yakamtoka. "Unafikiri nikitoka hapa nitarudi kusimama mlangoni kwa kifua hiki? Wataniita kwenye picha nyingine. Nikishapata, nitamwingiza na yeye."

"Na asipopenda?"

"Atapenda. Ni ndugu yangu."

Siku iliyofuata Mrundi alikuja tena na uji. Mume wangu alifumba macho akajifanya amelala. Ninajua usingizi wake; nimelala naye miaka. Mrundi alikaa hadi muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, akanikabidhi chupa, akasema atapitia Jumapili. Jumapili alikuwa ameshasikia. Hakuja, wala Jumapili nyingine yoyote.

Kampuni ya ulinzi ilimwachisha mume wangu kazi, kwa sababu hakuweza kusimama zamu nzima. Mkenya hakuita. Alihamia kanisa lingine, kule wanakosali Wakenya wenzake wa mabenki, na simu yake ikawa inalia bila kupokelewa. Mume wangu alianza kunisaidia Malvern: anapiga pasi, anafungua mishono. Akipanda ngazi za kwetu anapumzika mara mbili, na kifua chake kinalia kama mlango wa bati. Sikumwambia tena neno juu ya Mrundi, wala yeye hakusema. Tukaishi nalo hivyo, kama watu wanaoishi na harufu.

Picha ilipotoka, binti yetu ndiye aliyeiona. Ilikuwa ya sehemu nyingi, na ile asubuhi ya meli tatu ilikuwa sehemu ya nne. Akaiweka kwenye televisheni, tukakaa watatu. Niliona kola zangu. Niliona moshi mweupe wa mafuta ya taa, nahodha kijana mwenye macho ya bluu anayetazama darubini na kuona huruma, kwa maana katika picha aliona huruma. Meli zikalala ubavu. Kisha ikaja bahari iliyojaa migongo.

Mmoja wa maiti akainuka. Akamshika mwenzake kola, akamgeuza, akamtia mkono chini ya kidevu. Nilisimama bila kujua nimesimama. Ulikuwa ni mkono wa kushoto wa Mrundi, ni namna yake ya kupiga miguu, ni shingo yake fupi. Lakini alipogeukia kamera alikuwa na uso wa mzungu, uso wa kijana mwenye nywele nyekundu, na mdomo wake ulikuwa unapiga kelele kwa Kiingereza. Uso wa mume wangu nao ulikuwa wa mzungu mnene mwenye sharubu. Walikuwa wamebadilishwa kwa kompyuta, binti alisema. Siku hizi ni jambo rahisi. Mzungu mwenye nywele nyekundu alimvuta mzungu mwenye sharubu kupitia katikati ya wafu, na muziki ukapanda.

Binti alitafuta kwenye simu yake. Kwa Kiingereza akatusomea watu walivyosema: kwamba sehemu hiyo ndiyo bora kuliko zote, kwamba huwezi kuitazama bila kulia, kwamba waigizaji wameifanya kama kweli.

"Rudisha," mume wangu alisema. "Rudisha pale."

Aliirudisha mara kadhaa. Mimi nilikwenda jikoni.

Nilimtafuta Mrundi. Haikuwa kazi ngumu. Warundi wa mtaa wa Bertrams waliniambia yuko Midrand, analinda geti la nyumba za matajiri. Nilipanda teksi hadi huko. Alikuwa amekonda. Alinisalimia kwa heshima ileile, shemeji, akaniletea kiti chake cha plastiki, yeye akasimama. Mke wake alikuwa bado Rumonge.

Nikamwonyesha kwenye simu. Aliitazama huku akifungua na kufunga geti, gari moja baada ya jingine, akiwapungia mkono wenye magari. Ilipofika mwisho alisema, "Ndiye mimi?"

"Ndiye wewe."

"Walisema nimeiharibu."

"Najua."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na kitu ndani yake. Nikamwambia kwamba mume wangu hali yake ni mbaya, kifua hakijapona, na kwamba nyumbani ni kwake kama zamani, aje Jumapili. Alisubiri gari lipite.

"Shemeji," alisema, "sikukasirika waliponivua nguo. Wale siwajui. Lakini huyu alisema nilimkaba. Nilipeleka uji, naye alikuwa amekwisha kusema." Akarudisha simu mkononi mwangu. "Siku hizi nikiona mtu ameanguka barabarani, naangalia kwanza kama kuna mtu mwingine karibu. Kama hakuna, napita. Mwambie hivyo."

Nilimwambia. Nilimwambia neno kwa neno, usiku huohuo, kwa sababu nilitaka limchome. Mume wangu alikuwa anakunywa chai. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama Mrundi bado ana zile buti nzuri za ngozi. Nikamwambia sikuangalia miguu. Akaendelea kunywa.

Habari za picha zilienea kanisani. Mama mmoja alisikia kutoka kwa mtoto wake, akamwambia mwingine, na Jumapili moja wakaja kwetu watu wa kutosha kujaza sebule, mama mchungaji akiwa wa mbele. Nilipika. Mume wangu alikuwa amevaa koti lake la ibada. Tangu atoke hospitali sikuwa nimemwona ameketi wima namna ile. Alimwambia binti afungue sehemu ya nne, akawaeleza wageni habari za nyambizi, moshi wake, meli tatu, zile mbili zilizosimama. Aliisimulia vizuri, mzee Mjerumani angefurahi. Kisha akamwambia binti asimamishe picha.

"Huyu hapa," alisema, akigusa kioo kwa kidole. "Huyu ni mimi. Uso wameubandika, lakini mwili ni wangu."

Watu wakashangilia. Mama mchungaji akapiga makofi, akamshukuru Mungu anayewainua wanyonge.

"Na huyu anayekubeba?" mzee mmoja wa kanisa akauliza.

Mume wangu alivuta pumzi, ile pumzi yake ya bati. "Mwigizaji mmoja," alisema. "Simjui."

Nilikuwa na bakuli la ndagala mkononi. Nikaliweka mezani.

"Ni Mrundi," nilisema. "Mrundi aliyekuwa akila hapa kwetu kila Jumapili. Mnamjua nyote. Alimtoa huyu majini akiwa amekufa, wakamfukuza, na huyu akasema alikabwa."

Mume wangu hakunigeukia. Alikuwa anatazama kioo. Mzee wa kanisa alisogea karibu na televisheni, akavaa miwani yake, akamkagua vizuri yule kijana mwenye nywele nyekundu aliyesimama pale na mdomo wazi.

"Lakini Mama," akaniambia kwa upole, kama mtu anayesema na mgonjwa, "huyu ni mzungu."